Mwokozi Asije Akazama: Bredauni Hukwama Vipi, na Dereva Ajikinge kwa Lipi

Mvua za masika zinapotushukia hapa Pwani kati ya Machi na Mei, na za vuli zinaporudi kuanzia Oktoba, kuna jambo tunaloliona barabarani ambalo huwachekesha wapita njia na kumliza mwenyewe. Lori limeacha lami na kuzama ukingoni, na bredauni imeitwa kuliopoa. Baada ya saa mbili magari yaliyozama ni mawili, na la pili ni lile lililokuja kuokoa.

Kicheko hicho chatupasa tukiache huko huko njiani. Gari la kuvuta magari mabovu ni riziki ya nyumba kadhaa: ya mwenye gari, ya dereva, na ya utingo anayeingia matopeni kufunga cheni. Likizama, malipo ya siku hiyo yamekwenda, bredauni nyingine yatakiwa kuitwa kwa gharama mpya, na mara nyingi ekseli au klachi huharibika katika hangaiko la kutoka. Hayo ni ya mali. Ya roho ni makubwa zaidi, kwani kamba ya waya ikikatika ikiwa imekazwa humpata mtu kabla hajapata kuinama.

Tumeona basi ni vyema kulieleza suala hili kwa utaratibu, kwa faida ya madereva walio katika familia zetu, na pia kwa faida ya sisi tunaowapigia simu usiku tukiwahimiza wafanye haraka. Tutakayoyasema yanarejea katika neno moja: mwokozi akae mahali pagumu, na kamba ndiyo iende mahali palipo laini.

Nguvu si kinga

Wengi hudhani kwamba bredauni haiwezi kukwama kwa sababu ina injini kubwa. Injini huzungusha magurudumu tu; kinachosukuma gari ni mshiko wa tairi juu ya ardhi. Mshiko ukikosekana, kila nguvu inayoongezwa huwa ni ya kuchimba shimo. Ndiyo maana dereva anayekanyaga mafuta kwa hasira huzama upesi kuliko aliyetulia.

Isitoshe, bredauni ina udhaifu wake yenyewe. Kwanza ni nzito hata kabla ya kubeba chochote, kwa kuwa imebeba kreni, winchi, cheni na vyuma vya kila namna. Uzito huo umelalia zaidi magurudumu ya nyuma. Pili, aghalabu tairi zake ni za barabara ya lami, zenye meno mafupi ambayo hujaa udongo mara moja yakawa laini kama sabuni. Tatu, inapoinua gari jingine kwa nyuma, mzigo ule huning'inia nje ya ekseli ya nyuma na kuinyanyua pua ya bredauni, kama mizani iliyolemewa upande mmoja. Magurudumu ya mbele yakawa mepesi, usukani ukakosa utiifu, na yale ya nyuma yakasukumwa chini zaidi.

Kanuni inayofuatwa na wengi katika kazi hii ni kwamba magurudumu ya mbele yabaki na angaa nusu ya uzito yaliyokuwa nao kabla mzigo haujainuliwa. Dereva asiyeijua kanuni hii huinua lori zito kwa gari dogo, akafanikiwa kwenye lami, kisha akashindwa anapokutana na mchepuko wa udongo uliolowa.

Ardhi yetu na hila zake

Anayefanya kazi hii Pwani hana budi kuzijua ardhi zetu, kwa kuwa kila moja ina tabia yake.

Mchanga mkavu wa pwani, kama ule wa Mambrui na sehemu za Malindi, hauna mshikamano. Tairi likizunguka mara moja bila kwenda mbele, mchanga hukimbilia nyuma na gurudumu hushuka. Ajabu ni kwamba mchanga uliolowa kidogo hubeba gari vizuri kuliko uliokauka, jambo ambalo huwadanganya wengi: wanaingia ufuoni asubuhi ukingali na unyevu, wanataka kutoka adhuhuri ukiwa umekauka.

Udongo mweusi unaonata, unaopatikana katika nyanda za Mto Tana na sehemu nyingine za bara, ni kinyume chake. Wakati wa kiangazi huwa mgumu na wenye nyufa pana kiasi cha kuingia mkono. Ukipata maji hufura, hunata kwenye tairi na kuteleza kwa wakati mmoja. Juu waweza kukauka kwa jua la siku mbili ukaonekana imara, na chini ungali uji.

Matope ya mikokoni na kandokando ya hori ni hatari kupita yote. Juu huwa na ukoko mwembamba, na chini yake kina kisichojulikana. Hapo bredauni haina la kufanya kwa magurudumu yake, na dereva mwenye busara haingii hata hatua moja.

Mwisho ni ukingo wa barabara yenyewe, na huu ndio unaonasa bredauni nyingi zaidi, kwa kuwa hakuna anayeuogopa. Udongo uliojazwa kando ya lami au juu ya kalvati hauna ushupavu wa barabara. Gari la abiria hupita juu yake salama. Gari la tani kadhaa, likiwa limeegeshwa hapo na winchi inavuta, huumega ukingo ukaporomokea mtaroni.

Shuka kwanza

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Katika kazi hii, ardhi ndiyo ya kuulizwa, na huulizwa kwa miguu. Dereva asimamishe gari kwenye lami au mahali alipo na hakika napo, aweke vibao vya pembetatu na taa za tahadhari, kisha ashuke na kuitembea njia nzima anayokusudia kuipita, kwenda na kurudi. Akanyage kwa kisigino kwa nguvu: kisigino kikizama, gurudumu litazama zaidi. Achukue fimbo au chuma chembamba akichome chini. Kikiingia kwa urahisi kama kisu ndani ya boga bivu, hapo si pa kuegesha gari la tani nyingi.

Anapotembea aangalie mambo matatu. La kwanza ni alama za gari lililozama: lilianza kuchimba wapi? Hapo ndipo mpaka wa ardhi ya kuaminika, na bredauni isiuvuke. La pili ni mteremko, kwani kushuka ni rahisi na kupanda ukiwa na mzigo ni jambo jingine. La tatu ni njia ya kutokea. Yafaa bredauni iingie kinyumenyume, ili itokapo itoke kwa uso, magurudumu yakifuata alama zile zile yalizokwisha kuzishindilia.

Wenyeji nao waulizwe. Mchungaji au mkulima wa mahali hapo ajua maji ya mvua hupita wapi na udongo hukauka baada ya siku ngapi. Maneno yake mawili yaweza kuokoa kazi ya siku nzima.

Kamba iende, gari libaki

Winchi imewekwa kwenye bredauni ili gari lisihitaji kukaribia mahali palipo laini. Hata hivyo twaona madereva wakisogea na kusogea ili kamba iwe fupi, mpaka nao wakawa ndani. Ikumbukwe kwamba winchi nyingi huvuta kwa nguvu zake zote pale tu kamba inapobaki safu ya kwanza juu ya pipa lake. Kila safu inayoongezeka hupunguza nguvu. Kamba iliyotandazwa mbali basi ina faida mara mbili: humweka dereva mahali pagumu, na huipa winchi uwezo wake kamili. Asisahau tu kubakisha mizunguko isiyopungua mitano kwenye pipa, ili mwisho wa kamba usije ukachomoka.

Jambo la pili ni kukadiria mzigo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na lori la mtu mwingine huonekana jepesi mpaka lianze kuvutwa. Waopoaji wa magari hutumia kipimo hiki: gari lililozama hadi kwenye magurudumu huhitaji mvuto unaolingana na uzito wake wote pamoja na shehena, lililozama hadi kwenye madigadi huhitaji mara mbili, na lililozama hadi kwenye kibanda cha dereva huhitaji mara tatu. Tuchukue mfano wa gari la tani 3 lililozama hadi madigadi. Mvuto wake ni kama tani 6. Mwenye winchi ya tani 5 akilivuta moja kwa moja, ama winchi itashindwa, ama kamba itakatika, ama bredauni yenyewe itaburutwa kuelekea shimoni. Hili la mwisho ndilo la kawaida. Kamba haijui nani mwokozi na nani mwokolewa. Huvuta pande zote mbili kwa nguvu sawa, na aliye juu ya ardhi teketeke ndiye anayesogea.

Dawa ya kwanza ni jembe. Kuondoa matope mbele ya magurudumu na chini ya tumbo la gari hupunguza mvuto kwa kiasi kikubwa, na kushusha shehena pia hivyo hivyo. Dawa ya pili mabaharia wetu waijua tangu zama za majahazi: ni kapi. Kapi likifungwa kwenye gari lililozama, na ncha ya kamba ikarudishwa kufungwa kwenye bredauni au kwenye nanga nyingine imara, nguvu hukaribia kuwa maradufu. Winchi ile ya tani 5 sasa yaweza kuvuta karibu tani 10. Thamani yake ni muda na urefu: mwendo huwa nusu, na kamba inayotakiwa ni ndefu mara mbili.

Dawa ya tatu ni kuifunga bredauni yenyewe. Magurudumu yawekewe kabari, na inapowezekana gari lifungwe kwa nyuma kwenye mti mkubwa kama mwembe au mbuyu. Atumie mkanda mpana, kwa kuwa waya hukata gome na kuua mti, na amwombe ruhusa mwenye mti kwanza. Hapa kwetu mti wa matunda ni mali ya mtu hata pale shamba linapokuwa la mwingine, na dhiki ya barabarani haihalalishi kuharibu mali hiyo.

Ukihisi linazama

Dalili huja mapema: injini inanguruma zaidi, mwendo unapungua, usukani unakuwa mzito. Hapo hapo ondoa mguu kwenye mafuta. Gari lililozama inchi 3 hutolewa na watu wawili wenye jembe. Lililochimbwa hadi ekseli huhitaji gari jingine. Kati ya hali hizo mbili kuna ukaidi wa dakika moja tu.

Kama gari limeinua mzigo, uteremshwe taratibu na kufunguliwa, mradi pasiwe na hatari ya kubiringika. Kisha udongo uondolewe mbele ya kila gurudumu kwa mteremko mpole, na zitandazwe mbao, mawe ya matumbawe au matawi makavu. Kwenye mchanga, kupunguza upepo wa tairi husaidia sana, kwa kuwa tairi hulala na kugusa ardhi kwa eneo refu zaidi. Gari dogo lenye upepo wa 35 laweza kushushwa hadi karibu 20. Lori lifuate maelekezo ya aliyetengeneza tairi, na lisibebeshwe mzigo likiwa katika hali hiyo. Baada ya kutoka, mwendo uwe mdogo mpaka upepo urudishwe. Gari lenye kufunga difu lifungwe kabla ya kuingia pabaya, wala si baada ya magurudumu kuanza kuzunguka ovyo.

Ikibidi kuita bredauni ya pili, nayo ibaki kwenye lami. Tamaa ya kumkaribia mwenzio ndiyo inayozaa la tatu.

Maji hayana mzaha

Kukwama matopeni kuna subira. Kukwama majini hakuna. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 yaweza kuyaelesha magari mengi madogo, na ya sentimita 60 huyachukua magari mengi hata makubwa. Uzito wa gari humpa dereva ujasiri usio wake. Mnamo Disemba 2021 basi zima lilisombwa katika Mto Enziu, karibu na Mwingi, likijaribu kuvuka mafuriko, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Mnamo Novemba 2023, mvua kubwa zilipoufurisha Mto Tana, njia ya Garissa ilikatika. Katika hali kama hizo bredauni haina kazi mtoni. Gari lililoko majini huachwa, watu huokolewa na wenye vyombo na mafunzo, na namba za kupiga ni 999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu.

Ufuoni nako kuna saa inayohesabika. Maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kutoka kupwa hadi kujaa ni muda wa takriban saa 6. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa hupanda zaidi ya mita 3. Dereva anayeitwa kuvuta gari lililonasa mchangani na aulize kwanza: maji yako wapi, na yanakwenda wapi? Kama yanajaa, kazi isiyoweza kumalizika kabla hayajafika haianzwi kwa kuingiza gari la pili. Gari moja lililoharibiwa na chumvi ni hasara. Mawili ni uzembe.

Watoto na watazamaji

Hapa twasema na wazazi. Kazi ya kuvuta gari hukusanya watu, na watoto hutangulia mbele. Kamba ya waya iliyokazwa kwa tani kadhaa, au kulabu iliyochomoka, hurudi nyuma kwa kasi isiyokwepeka. Pa usalama ni mbali kuliko urefu wote wa kamba iliyotandazwa. Asiwepo mtu kati ya magari mawili, wala ndani ya pembe inayofanywa na kamba inapopita kwenye kapi. Asirukwe wala kupitiwa waya huo hata kama umelegea. Utingo atandike blanketi zito au turubai katikati ya kamba ili kuipunguzia kasi ikikatika, na avae glavu, kwani nyuzi za waya zilizokatika huchana viganja. Mmoja tu awe mtoa ishara. Kelele za hisani kutoka kwa watu ishirini zimewapoteza madereva wengi.

Simu yetu, na haki yake ya kukataa

Nusu ya makosa huanzia kwa anayepiga simu. Aliye kwenye dhiki husema, "Gari limezama kidogo tu, njoo upesi." Dereva anakuja na gari dogo na kamba fupi, anakuta lori lenye shehena ya saruji lililolala hadi kibandani. Anaona aibu kurudi mikono mitupu, anajaribu, naye anazama.

Tunapoita msaada, tuseme ukweli wote: ni gari la aina gani, limebeba nini na kiasi gani, limezama hadi wapi, liko hatua ngapi kutoka kwenye lami, ardhi ni mchanga au matope, na mvua ingali inanyesha au imekatika. Tutume picha, moja ya magurudumu na moja ya njia. Malipo yaafikiwe kabla kamba haijafungwa, pamoja na jambo linalosahauliwa sana: ikiwa kazi haitawezekana, dereva atalipwa nini kwa safari yake? Pasipokuwa na mapatano hayo, mwenye bredauni hujiona hana budi kuingia pabaya ili asirudi bure, nasi tunakuwa tumemsukuma.

Na dereva akishuka, akaikanyaga ardhi kwa kisigino, akarudi na kusema, "Leo hapavutiki; tungoje pakauke, au tulete gari kubwa zaidi," tumkubalie bila kumwita mwoga. Gari laweza kulala njiani usiku mmoja likalindwa. Aliyelijia ana watu wanaomsubiri nyumbani, na kurudi kwake salama ni sehemu ya kazi aliyoitiwa.